Anayesimama kwa Taa Haulizwi: Mzee Ilyasi Nzeyimana Anang'atuka

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni, Mzee Ilyasi Nzeyimana anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu ya usafiri kwa miaka ishirini na sita, yote katika kibanda cha matairi cha yadi ya Kanombe. Anaondoka na miwani yake, birika lake la chai ya tangawizi, na redio ambayo hakuna aliyewahi kuruhusiwa kubadilisha stesheni yake. Anatuachia kanuni moja: dereva anayesimamisha gari kwa sababu taa ya tairi imewaka haulizwi kwa nini amechelewa. Haulizwi na mpanga safari, haulizwi na Mkurugenzi. Miezi hii ya mwisho kilichomnyima Mzee usingizi si kiinua mgongo chake. Ni iwapo kanuni hiyo itadumu akishatoka getini.

Mzee Ilyasi alizaliwa Nyamirambo katika ukoo wa mafundi cherehani, na baba yake hakumsamehe upesi kwa kuiacha sindano akafuata jeki. Alipoajiriwa mwaka 1999, tairi zetu zilipimwa kwa teke: dereva akipiga teke na mguu ukamuuma, safari njema. Mzee alilipiga marufuku teke lenyewe. Kila gari lilipimwa upepo asubuhi tairi zikiwa baridi, na anayetaka kubishana alikaribishwa abishane akiwa amechuchumaa. Kwenye harusi yangu mimi mwandishi, wakati wengine wanacheza, alikutwa nje amepiga magoti kando ya gari la maharusi, geji ya kupimia upepo mkononi. Tairi ya nyuma kushoto ilikuwa laini, na bibi harusi alisubiri.

Kisha yakaja magari yenye kujipima yenyewe. Wengine tulidhani kazi ya Mzee imekwisha, naye akaipenda mitambo ile kama mjukuu. Alitufundisha kwamba iko ya aina mbili. Ya kwanza ina sensa, kidude chenye betri kinachokaa ndani ya gurudumu pale penye valvu, kinapima upepo na kuituma habari kwa mawimbi ya redio hadi kwenye dashibodi. Ya pili haina kitu ndani ya tairi. Inatumia vipimo vya breki kuhesabu mizunguko ya kila gurudumu, kwa kuwa tairi iliyopungua upepo imepungua na kimo, hivyo huzunguka haraka kuliko wenzake. Upepo ukishuka kama robo hivi, taa ya njano yenye alama ya mshangao inawaka. Asubuhi za baridi iliwaka, gari likipata joto ikazimika, na madereva wakaamini inazimwa na dua. Mzee akawaambia dua ni njema, ila waongeze na upepo.

Sasa naandika jambo zito, na wenzangu wanalijua. Ile mitambo ya aina ya pili ina kitufe. Ukishamaliza kujaza tairi zote sawasawa, unakibonyeza ili gari lijifunze kwamba hali hiyo ndiyo sahihi. Madereva wetu waligundua kwamba ukikibonyeza bila kujaza chochote, taa inazimika pia. Gari linajifunza kwamba tairi laini ndiyo tairi nzima. Siku hizo aliyechelewa alikatwa mshahara, basi kitufe kile kikawa dawa ya kila mmoja.

Dereva mwenzetu Cyriaque alikibonyeza asubuhi moja ya mwaka 2014, alipokuwa anarudi kutoka Kabuga na gari tupu. Tairi laini hujikunja kila inapozunguka, na kujikunja huko kunaleta joto. Katikati ya mteremko ilipasuka. Mzee Ilyasi, ambaye anaishi Kabuga, alikuwa kwenye basi lililofuata nyuma, na ndiye aliyemtoa Cyriaque ndani ya gari. Hakufika naye hospitali akiwa hai. Msibani watu wakasema ajali haina kinga. Mzee akasimama mbele ya wafiwa na waliofika, akasema kwa sauti kwamba hii ilikuwa na kinga, na kinga hiyo tuliizima kwa kidole, kwa kuogopa kukatwa mshahara. Wengi walimwona hana adabu. Mke wa Cyriaque alimshika mkono.

Hapo ndipo kanuni ilipozaliwa. Taa ikiwaka, simama mahali salama, piga simu yadi, usiondoke mpaka yadi ikujibu. Ukifanya hivyo huulizwi. Mzee aliipigania kikao baada ya kikao mpaka ikakubaliwa, na tangu hapo hatujazika dereva.

Lakini kanuni hujulikana uzito wake siku inapouma. Miaka miwili iliyopita Mukunde, wakati huo mgeni kazini, aliwachukua wageni wa hoteli moja ya Nyarutarama kuwapeleka uwanja wa ndege. Njiani akapiga simu: "Mzee, taa iko inawaka. Mimi nimesimama." Mzee akaruka kwenye pikapu, barabara ikafungwa kupisha msafara, akakwama. Wageni wakaikosa ndege. Alipofika na geji, tairi zote nne zilikuwa zimejaa. Ilikuwa betri ya sensa moja imekufa. Taa ile kwanza ilikuwa imepepesa kwa muda kabla ya kutulia, maana yake mtambo wenyewe ndio mbovu, na Mukunde hakujua kutofautisha.

Hoteli ikavunja mkataba. Mkurugenzi wetu, Bwana Ntare, akaamua Mukunde aondoke, na tuseme haki: alikuwa na hoja. Tairi zilikuwa nzima, dereva alikosea, mteja amepotea. Mzee Ilyasi hakubishana na hata moja kati ya hizo. Aliingia ofisini na funguo za kibanda, akaziweka mezani.

Alisema, na katibu aliyekuwemo ndiye aliyetusimulia: "Bwana Mkurugenzi, gari likikwambia sizioni tena tairi zangu, hilo nalo ni onyo. Ukimfukuza aliyesimama bure, kesho atakayepaswa kusimama hatasimama. Huyu akitoka, na mimi natoka."

Angetoka kwa kugomea uamuzi, kiinua mgongo chote kingemtoka, na alibakiza miaka miwili tu. Alikuwa na nyumba ambayo haijaisha na mke mgonjwa. Bwana Ntare alimweka siku nzima bila jibu. Jioni akamrudishia funguo, na Mukunde akabaki.

Hoteli haikurudi mpaka leo. Mwaka ule ofisi haikutupa bahashishi, na wako waliokuwa wakipita kibandani bila kumsalimia Mzee. Aliumia, alisema wazi kwamba anaumia, na aliendelea kupima tairi za magari yao asubuhi. Mukunde alimwomba amfundishe kazi yote ya matairi, akamfundisha kwa ukali uleule. Mzee hana subira, na haya tusiyafiche kwa kuwa ni siku ya kuaga. Aliwahi kutupa bisibisi ya mtu juu ya paa. Lakini leo Mukunde anaijua taa inayopepesa na isiyopepesa, na ndiye anayerithi kibanda.

Kwa niaba ya stoo ya vipuri, madereva na ofisi: asante, Mzee wetu. Asante kwa kila asubuhi ya baridi, na kwa kila aliyefika nyumbani bila kujua kwamba ni wewe. Mke wako apone, nyumba iezekwe, na chai ya tangawizi isikauke.

Na kuhusu lile linalokunyima usingizi, walioshuhudia waniache nilisimulie. Jumanne iliyopita Bwana Ntare alikuwa anawahi kikao mjini. Akawasha gari lake, taa ya tairi ikawaka. Mukunde akatoka kibandani, akasimama mbele ya boneti, akanyoosha kiganja: "Hii haitoki, boss." Mzee Ilyasi alikuwa ameketi kwenye tairi kuukuu, hakuingilia. Bwana Ntare akamtazama Mukunde, akatazama saa, akazima gari. Akatoka hadi barabarani kwa miguu, na suti yake, akapanda pikipiki ya abiria. Hakumuuliza Mukunde neno. Mzee akavua miwani akalia, wala hakujificha.

Nenda kalale usingizi wako, Mzee Ilyasi. Maisha yawe mema.

Benon, stoo ya vipuri