Bunduki Iliyo Chini ya Stoo

Norman, funga mlango, na wewe Wangui sogeza kiti karibu na kitanda, kwa maana sauti yangu haifiki tena mbali, na sitaki majirani wa hapa Waithaka wayasikie haya kabla yenu. Nimewaita wawili kwa sababu sina watoto wengine, na kwa sababu Jumatatu tingatinga inakuja kubomoa stoo ya nyuma mjenge zile fleti zenu. Chini ya sakafu ya stoo hiyo kuna bunduki. Usicheke, Norman. Ni bunduki ya kweli, haina cheti, na mkono huu umeipaka mafuta miaka hamsini na sita.

Sasa mnajua kwa nini kila Jumamosi nilijifungia humo. Mama yenu Debra, Mungu amrehemu, alidhani nimefukia pesa, halafu akadhani nina mwanamke, mpaka siku moja akachungulia kwenye tundu la ufunguo akaniona nimepiga magoti, akaenda kuwaambia wenzake wa kanisani kwamba Jamleck ni mtu wa maombi. Nilimwacha aamini hivyo. Alipolia tuhamie Kinoo kwenye shamba alilopewa na baba yake, nilikataa. Nilipopewa kazi Nakuru yenye mshahara mara mbili, nilikataa, nanyi mkaniita mkaidi. Sikuwa mkaidi, wanangu, nilikuwa nimefungwa. Mvua za Aprili zikianza nilikuwa kama mama mwenye kichanga, siwezi kwenda mbali.

Aliyenifunga ni babu yenu. Alikuwa mtunza bustani kwa Mzungu mmoja kule Lavington, na mwaka wa hamsini na tatu, wakati wa Emajensi, watu wa msituni, Mau Mau, walimwamuru awaletee bunduki ya bwana wake. Akaichukua, akaificha ndani ya gunia la majani ya ng'ombe, akaileta hapa. Kesho yake askari wakaja kwa yule Mzungu. Aliyeshika funguo za nyumba alikuwa mpishi, Mkamba aitwaye Kivuva, rafiki aliyekula naye sahani moja, basi wakamchukua Kivuva, na siku hizo kosa la bunduki lilikuwa kitanzi. Hakurudi. Babu yenu alisimama pale na jembe mkononi akanyamaza. Msituni hakuipeleka, kwa Mzungu hakuirudisha. Alibaki nayo tu, hofu imemshika.

Alipokuwa kufani, mwaka wa sitini na nane, alinishika mkono akasema, "Kitu hiki kimekula mtu. Usikiache kishike kutu, wala usikikabidhi kwa serikali yoyote. Siku kitakapooza, nyumba yangu itaoza." Nanyi mnajua, hata kama siku hizi mnakwenda kanisa la skrini na magitaa, kwamba neno la mzazi anayekufa ni kirumi, ukilivunja ni laana, na akishazikwa hakuna wa kulifungua. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nikajibu ndiyo.

Nilipoifukua nilikuta ameifunga kwa ngozi ya mbuzi, na ngozi hunywa maji. Mimi nami nikaongeza ujinga wangu juu ya wake: nikaipaka mafuta ya mbarika, yale mama aliyotupaka tukiwa wachanga na wazee waliyoyatumia kubariki, nikidhani kinachofaa mwili wa mtu kitafaa chuma. Mvua mbili hazikupita, yakawa ulimbo, na chini ya ulimbo kutu nyekundu. Nililia, nawaambia ukweli. Ndipo nikaenda mjini kuomba kazi ya kufagia kwenye duka la bunduki nyuma ya Moi Avenue, nijifunze mafuta. Mwenye duka, mzee wa Kihindi, aliniona nikimimina, akaniambia, "Jamleck, wewe napika bajia?" Akanifunza kwamba mafuta ya jikoni huchacha na kushika vumbi, oili chafu ya gari ina asidi, ya cherehani ni mazuri lakini hukauka upesi, ya mkebe wa kupuliza hufukuza maji ila hayakai kulinda. Chuma cha kulala muda mrefu kinataka mafuta mepesi ya bunduki yenyewe, tone tu, upanguse hadi uone kama hukupaka kitu, kisha girisi nyembamba juu, wala usikiguse tena kwa kidole kitupu, maana jasho la mkono ndilo adui wa kwanza. Kutoka ufagio nikawa fundi, na ufundi huo ndio uliowasomesha. Niliipenda ile kazi, na kila jioni nikirudi nyumbani niliichukia.

Lakini zito bado. Zito ni shangazi yenu Munyiva wa Kinoo. Mmekula maembe yake kila Januari tangu utoto, mkidhani ni rafiki wa kanisani. Munyiva ni binti ya Kivuva. Alikuwa na miaka mitano walipomchukua baba yake, na hapa huja kushukuru, kwa sababu babu yenu peke yake ndiye aliyempelekea mama yake unga. Kila mwaka huniuliza, "Kaka, kwani mzee wako hakuwahi kusema ni nani aliiba ile bunduki?" Na kila mwaka mimi, mzee wa kanisa, humjibu hapana, naye ameketi hatua kumi kutoka kwenye stoo. Kwao Ukambani hadi leo wanaitwa watu wa mwizi. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyekuwa nguoni mwake.

Serikali ilipotangaza watu wasalimishe silaha bila kushtakiwa, nilifika lango la kituo mara mbili, nikarudi mara mbili. Wangui, mwanangu, mimba yako ya kwanza iliharibika wiki ile ile niliyotoka pale langoni, nikasema hicho ndicho kirumi, kimeanza. Usilie. Nilirudi stoo nikapaka mafuta.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nikifa kimya, tingatinga itaifukua na wewe Norman utafungwa kwa kosa la mtu aliyekufa hujazaliwa. Nikiwaachia muitunze, nimewafunga kama nilivyofungwa. Wiki tatu nimelala hapa nikizunguka humo humo, hadi jana nikang'amua jambo dogo: safari hii anayekufa ni mimi. Neno la mwisho ni langu, si la baba.

Unasema nini, Norman? "Baba, si tuitupe tu mtoni, nani atajua?" Nyamaza. Nimesema hivyo miaka yote, ndiyo maana niko hapa.

Basi shikeni haya. Msiifukue wenyewe, msiiguse. Mwiteni wakili Bramwel aje na OCS, mkuu wa kituo cha polisi, leo hii, ningali napumua, nitie kidole kwenye karatasi, kosa liwe langu. Chupa zangu za mafuta na brashi zisirithiwe na mtu. Shamba hili ni lenu nusu kwa nusu, wala msigombane kwa sababu ya mpaka wa mparachichi, nawajua. Fleti zikiisha, nyumba moja ya chini ni ya Munyiva na uzao wake, na asiwepo wa kuiita sadaka.

Sogeeni. Pigeni magoti, na wewe pia, Norman, suruali itafuliwa. Natema mate ya baraka kifuani kwenu kama baba alivyonitemea. Ile bunduki na ioze, iote kutu kuanzia mtutu hadi kitako, na nyumba yangu isioze. Zaeni, jengeni, hameni mkitaka. Lolote alilolifunga baba yangu juu ya damu yangu, mimi Jamleck nalifungua. Thaai, amani iwe. Amina.

Inua mto, Wangui... hapana, si maji. Norman, hiyo simu. Namba ya wakili iache kwanza. Mpigie Munyiva. Mwambie aje nimwambie mwenyewe, kwa mdomo huu, kabla... Polisi watangoja. Yeye amengoja miaka sabini.