Makaa ya Etagegn

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlima Entoto, juu ya jiji la Addis, ukalala juu ya mabati, na harufu ya mikaratusi iliyonyeshewa ilichanganyika na ile ya moto wa juzi. Etagegn alipuliza makaa chini ya birika lake la udongo, akatupia ubani, akawamiminia watu wa kijiweni kahawa ya kwanza. Jioni ile kabla kibanda cha Zerihun, fundi cherehani, hakijaungua, ni yeye aliyempa makaa ya kutia kwenye pasi, na mtaa mzima ulijua. Zerihun mwenyewe alikuwa ameketi kigodani papo hapo, macho yakiwa mbali kama mtu ambaye hajaamka.

— Mimi nasema makaa, alianza mzee waliyemwita Treni, dereva mstaafu wa garimoshi, ambaye akishaanza kusema hana breki. Samahani, dada Etagegn, lakini dalili ya mvua ni mawingu.

— Mawingu ya nini, mzee, huu si moto? alidakia mwenzake waliyemwita Redio, muuza tiketi za bahati nasibu. Ni paka! Kapita hapa, mkia ukashika cheche, akaenda kujifuta kwenye vitambaa vya fundi.

— Paka anajifuta? Treni akauliza.

— Paka wa Addis? Huyo hata kahawa anakunywa.

— Basi cheche bado ni ya Etagegn!

— Naapa kwa Malaika Mikaeli, Etagegn akasema, nilimpa vijikaa vidogo tu.

— Haba na haba hujaza kibaba, mama, Redio akamjibu kwa upole, na upole ule ndio uliomchoma zaidi.

Zerihun akasema, bila kumtazama mtu:

— Kila nikifumba macho naona zile shuka nyeupe za harusi nilizokuwa nikishona zikitoka mlangoni, moja moja. Zinapanda mlima bila watu ndani. Haziungui. Zinanipungia tu.

Wote wakatazama ukungu kana kwamba shuka zimo humo.

— Si ndiyo hiyo! Treni akapiga paja. Nguo zimechoka kungoja maharusi, zikajichoma zenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako!

Hapo ndipo Yeshimebet alipotokea, binti wa mtaa huohuo, na mabuti yake ya zimamoto. Alikuwa mafunzoni, huko wanakochomewa vyumba makusudi, kisha wanaambiwa: haya, ingieni mtuambie moto umetoka wapi. Alipokea kikombe, akasikiliza mpaka nguo za Treni zikamaliza kujichoma.

— Nani mmeshasema, na kwa nini mmeshasema, wazee wangu. Lakini moto ulianzia wapi?

Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameingia kibandani kuangalia.

Zerihun akainuka, akawaongoza hadi kibandani. Etagegn alifuata nyuma. Ndani, Yeshimebet alichutama muda mrefu bila kugusa kitu. Kisha akawaonyesha pasi, bado imekaa kwenye kigae chake juu ya meza. Meza ilikuwa imeungua pembeni, lakini chini ya kigae ubao ulikuwa mzima, rangi yake ya zamani.

— Makaa yamejifia humuhumu ndani ya pasi. Sasa tazameni kona ile.

Kule kwenye nyaya za umeme ukuta ulikuwa umeliwa tangu sakafuni, weusi ukipanda na kutanuka kama mbawa.

— Ni nyaya? Zerihun akanong'ona.

— Bado sijui, kaka. Mwalimu wangu atakuja tuchimbue pamoja. Ninachojua ni kwamba moto haukuanzia mezani.

Etagegn akajishikiza mlangoni. Pumzi aliyokuwa ameizuia tangu juzi ilimtoka, na machozi nayo. Zerihun akamshika mkono asianguke.

— Sasa nani? Treni alilalama. Nani basi kamchomea fundi wetu?

— Kwani lazima awe mtu, baba?

Ukungu ulikuwa ukiingia taratibu kupitia paa lililotoboka, na wote wakasimama humo, weupe kwa ukungu mpaka magotini.