Nani Aliandika "Kilo Kumi na Nane"

Benchi letu la Nyasura lilikuwaga la kanisani. Parokia ilipoleta mabenchi mapya, Daktari aliliomba hili la zamani, na mpaka leo lina ule ubao wa kupigia magoti, ambao sisi tunauwekea miguu. Tunakaa hapo watatu kila Jumamosi asubuhi, mbele ya jiko la Euphrasia, mama wa kahawa. Daktari ni Clementi. Anauza dawa za mifugo na hajawahi kumtibu binadamu, ingawa ameshajaribu. Hansadi ni Nicolaus, karani wa mtaa, anayekumbuka kila kilichosemwa na kila mtu isipokuwa alichosema yeye. Mimi ni Chrispin, nauza spea za pikipiki, na Bunda nzima inaniita Mistari. Jina hilo nililipata mwaka 2005, sisi watatu tulipotoa kaseti yetu ya hip-hop, ya kwanza na ya mwisho, *Vumbi la Nyasura*, kundi likiitwa Nyasura Kwanza. Kaseti ile ilivuma kutoka stendi mpaka kilima cha Balili hapo jirani, na ilipofika Balili ikachoka. Lakini huku kwetu ndiyo albamu ya kale, ya kuvuliwa kofia, na wimbo wake mkubwa ni "Kilo Kumi na Nane", ambao beti yake ya tatu niliichana mimi.

Jumamosi hii nilikuwa na fomu mapajani. Redio moja ya Musoma ilitaka kuipiga kaseti yetu yote, kuadhimisha miaka ishirini, na kwa kila wimbo walitaka jina la mtunzi. Dada wa redio, Diana, angepita saa nne kuichukua. Nyimbo saba nilishazijaza. Wa nane, huo "Kilo Kumi na Nane", mstari wake ulikuwa bado mweupe. Nilitaka kuandika jina langu, na nilitaka wenzangu wanilazimishe.

Hansadi: Soma tena hapo juu ya safu.

Mimi: "Mtunzi wa mashairi. Jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho."

Daktari: Mtunzi mmoja tu? Hiyo fomu haijui hip-hop. Jana nimesoma kwenye simu, kuna albamu ya Marekani, ile ya zamani yenye heshima zake, wimbo mmoja una watunzi kumi na mmoja.

Euphrasia: Kumi na mmoja? Wimbo au timu ya mpira?

Daktari: Mmoja kaandika beti, mwingine kiitikio, mwingine amesema "ee" pale katikati. Wote wametajwa.

Hansadi: Wa "ee" naye?

Daktari: Huyo ndiye wa kwanza kwenye orodha, mura.

Mimi: Ndiyo maana sisi wa zamani tulikuwa wakali. Kila mtu alikuwa anaandika vyake. Kuandikiwa ilikuwa ni aibu.

Nilisema hivyo nikiwa nimekaza macho, na kahawa ikanipalia. Euphrasia alinipigapiga mgongoni kwa mkono wake wenye masizi.

Daktari: Aibu kwa nani? Wote waliandikiwaga. Na mimi namjua aliyewaandikia Wamarekani.

Hansadi: Haya, tuambie.

Daktari: Mjita.

Euphrasia: Mjita wa wapi sasa?

Daktari: Wa Majita hapo. Babu yangu alikuwa anamsemaga. Alidandia meli miaka ya themanini akapotelea kule. Wewe sikiliza wale jamaa wanavyochana, haraka haraka, hakuna kupumua. Huyo ni mtu wetu anagombea bei ya sangara. Mzungu hawezi kukufundisha hivyo.

Hansadi: Mtu mmoja hawezi kuandika albamu zote hizo. Ile ni ofisi.

Daktari: Ofisi?

Hansadi: Ofisi kabisa, ya ghorofa. Waandishi wameajiriwa, wanasaini asubuhi, wana likizo na uhamisho. Ndiyo maana unakuta msanii albamu yake ya kwanza inaua, ya pili haisikilizeki. Mwandishi wake amepata uhamisho.

Euphrasia: Ya tatu je?

Hansadi: Ya tatu ameletewa wa kukaimu.

Hapo ilibidi na mimi nitoe yangu. Mtu anayeitwa Mistari hawezi kukaa kimya mada ikiwa mistari.

Mimi: Nyie hamjui. Beti haiandikwi na mtu. Beti ziko hewani, zinatoka kwa Mungu mwenyewe. Msanii ni kama antena. Mimi ile beti ya tatu niliipokea. Kwa hiyo fomu ikisema mtunzi, wanamaanisha aliyepokea.

Daktari: Antena, na sisi tulikuwa nani?

Mimi: Nyie mlikuwa waya.

Hansadi: Basi waya nao watajwe! Mwenye "ee" ametajwa!

Euphrasia alikuwa anasuuza vikombe. Ana tabia ya kuuliza bila kukutazama, na ndiyo inayoumiza.

Euphrasia: Hebu iseme hiyo beti, Chrispin. Nimeisahau.

Hajaisahau. Hakuna mtu Bunda aliyeisahau. Padri aliitaja kwenye ndoa yangu. Mke wangu Debora, nisiseme uongo, alinikubali kwa ajili ya beti ile. Kitu kingine nilichokuwa nacho wakati huo ni baiskeli ya kuazima. Nikasimama, nikainua mkono mmoja kama zamani, na kitambi nacho kikainuka.

*Kilo kumi na nane begani, napanda Balili kwa miguu,*
*Tindikali imekula shati, mgongo unawaka moto juu,*
*Nimewapelekea mpira waone, wanapiga kelele, "Goli!"*
*Narudi kwetu gizani, mama ameshazima koroboi.*

Hata mimi huwa inanishika, kila mara.

Euphrasia: Nzuri. Sasa hiyo tindikali ni nini?

Mimi: Ni maneno ya watu. Maneno yanaunguza.

Daktari: Mwaka juzi ulisema ni umaskini.

Mimi: Umaskini unaosababishwa na maneno.

Euphrasia: Na kilo kumi na nane?

Mimi: Ule mzigo wa... wa ujana.

Euphrasia: Ujana wako ulikuwa na kilo kumi na nane? Chrispin, mimi nakujua tangu upo darasa la pili. Wewe hujawahi kubeba kitu hata cha kilo tano. Maji ya kwenu alikuwa anateka dada yako. Na Balili ulikuwa unapanda lini?

Daktari alianza kucheka, akaacha. Hansadi akaangalia lami. Mimi nilikaa, nikaweka miguu kwenye ubao wa magoti, na nikasema kitu ambacho sikuwahi kukisema kwa Debora wala kwa padri.

Mimi: Ni ya Betri.

Euphrasia: Nani?

Mimi: Betri. Yule aliyekuwa anachaji betri za gari pale stendi, za watu wa vijijini wasiokuwa na umeme. Zikijaa, anazibeba begani kuwapelekea ili waangalie mpira. Betri moja ilikuwa na kilo kumi na nane. Maji yake yakimwagika yanakula shati. Ndiyo basi. Hakuna umaskini wala maneno.

Ilibidi nimweleze Euphrasia utaratibu wetu, na nilivyokuwa nauelezea ndivyo ulivyozidi kunuka. Tulikuwa tunafanyia mazoezi kwenye kile kibanda cha kuchajia, kwa sababu kilikuwa na umeme. Betri alikuwa anaandika nyuma ya karatasi za kalenda, anatusomea mara moja. Atakayeishika beti kichwani wa kwanza, ni yake. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya Nyasura Kwanza, na tuliiona ya haki kabisa. Mimi sikuwa na kipaji chochote, ila nilikuwa nimesoma katekisimu kwa mwalimu mwenye fimbo, kwa hiyo kushika nilikuwa nashika.

Euphrasia: Mbona yeye hakuimba?

Daktari: Siku ya kwenda Mwanza studio, betri za watu zilikuwa kwenye chaji. Hawezi kuziacha, zitaungua.

Euphrasia: Mkamwacha?

Daktari: Tulimwambia tutamletea kaseti.

Euphrasia: Mkamletea?

Hansadi: Ziliisha.

Halafu Hansadi, ambaye miaka ishirini amekuwa akisema beti ya kwanza ni yake, akajikohoza kama yupo kwenye kikao.

Hansadi: Naomba iingie kwenye kumbukumbu. Na ya kwanza ni ya Betri.

Daktari: Kiitikio je?

Hansadi: Kiitikio ulikishika wewe. Alikiandika yeye.

Daktari: Basi na wimbo wa pili ni wake. Na wa tatu. Wa sita niliandika mwenyewe, kwa mkono wangu.

Mimi: Wa sita ndio mbovu.

Daktari: Ndio huo.

Nikachukua kalamu nikaanza kufuta majina yetu, wimbo kwa wimbo, nikabakiza wa sita tu. Niseme ukweli, nilijisikia vizuri sana. Tulianza hata kupongezana. Daktari alisema wanaume wa kukiri hivi mkoa mzima wa Mara hawafiki kumi. Hansadi akasema hili jambo lingetokea Marekani lingeandikwa magazetini. Mimi nikaagiza kahawa nyingine, kwa heshima ya uaminifu wetu, na nikajiona nikihojiwa redioni kama mtu aliyerudisha haki ya mwenzake. Debora angesikia, angelia kidogo, angenisamehe. Nilishafika mpaka kwenye kusamehewa, Diana alipotokea, binti mwembamba mwenye mkoba wa kompyuta, akasalimia kila mtu kwa shikamoo, hata Daktari ambaye hapendi kuonekana mzee.

Diana: Fomu ipo tayari, baba?

Mimi: Ipo, mwanangu. Ila tumefanya marekebisho. Nyimbo saba kati ya nane ziliandikwa na mtu mmoja, wala si sisi. Tumeamua kusema ukweli.

Diana: Jamani, hongereni. Hii ndiyo habari yenyewe. Wengi huwa hawasemi. Basi andika tu jina lake kamili hapo, nikimbie.

Nikaweka kalamu kwenye mstari. Nikaandika B, nikaacha.

Diana: Anaitwa nani?

Mimi: Hansadi, anaitwa nani?

Hansadi: Betri.

Mimi: Jina lake.

Hansadi: Daktari ndiye aliyekuwa naye karibu.

Daktari: Karibu wapi? Sisi sote tulikuwa tunamuita Betri. Alivyokuja na mama yake kutoka Butiama alimkuta mwenye kibanda anaitwa Mzee Chaji, yeye akawa Betri. Nani angeuliza?

Mimi: Simu yake si unayo?

Daktari: Ninayo, haipatikani miaka. Halafu nimeandika "Betri".

Diana: Labda mama yake? Tungempata mama yake.

Hansadi: Mama yake namfahamu vizuri. Alikuwa anatupikia ugali na samaki furu.

Diana: Anaitwa nani?

Hansadi akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Hansadi: Mama Betri.

Euphrasia aliacha kusuuza.

Daktari: Subirini. Baba yake alipofariki tulikwenda msibani, wote watatu. Pale wasifu unasomwa, watoto wanatajwa kwa majina.

Mimi: Tulifika wasifu umeshasomwa.

Daktari: Tulichelewea nini?

Mimi: Tulikwenda kwa kufuata muda wa chakula.

Diana alikuwa ameshatoa simu kuandika, akairudisha mkobani polepole. Alikuwa na adabu, hakunicheka. Ningependa angecheka.

Daktari: Nilikutana naye mnadani Butiama mwaka jana. Anauza mbuzi, anakaa Mwitongo. Shati lake safi, anacheka vile vile. Alinishika mkono, akaniambia, "Clementi, habari za siku nyingi. Chrispin hajambo? Na Nicolaus?"

Mimi: Wewe ukamjibuje?

Daktari: Nikamwambia, "Tupo, Betri."

Hapo ndipo aibu iliponishika sawasawa, na siyo ile ya kuchekesha watu. Nimekula heshima ya mtu yule miaka ishirini. Nimeoa nayo, nimeiandika kwa rangi kwenye kibao cha duka, Mistari. Yeye anajua jina nililobatizwa. Mimi nilijua uzito wa mzigo wake kwa kilo, nilijua shati lake limeliwa upande gani, nilijua mama yake anazima taa saa ngapi, na sikuwahi kumuuliza anaitwa nani.

Diana: Mwisho ni Jumatatu, baba. Bila jina wimbo hautapigwa.

Hansadi: Tuandike sisi watatu kwa muda, halafu tutarekebisha...

Mimi: Nyamaza, Nicolaus.

Nikaikunja fomu nikaiweka mfukoni. Nikaita pikipiki iliyokuwa imesimama kwenye kona, ya kijana mmoja mgeni hapa Nyasura, mwenye koti jekundu. Akasogea, akawasha, nikapanda nyuma. Wenzangu walibaki wamekaa benchini. Daktari alinyanyuka nusu kama anayetaka kuja, akakaa tena.

Dereva: Wapi, mzee?

Mimi: Butiama.

Dereva: Butiama sehemu gani?

Mimi: Mwitongo.

Dereva: Mwitongo? Ndiko kwetu huko, mzee wangu, nimezaliwa pale! Nakufikisha mlangoni kabisa, boma zote nazijua. Unakwenda kwa nani?

Injini ilikuwa inanguruma. Nilimwangalia Daktari, Daktari akamwangalia Hansadi, na Hansadi akainamia kikombe chake kilichokuwa kitupu.

Dereva: Mzee, nakuuliza. Kwa nani?