Sanda ya Kapteni Bakhit

Wasikilizaji wapendwa, salaam kutoka hapa Jinja. Leo tunamkumbuka Kapteni Bakhit Ramathan, askari wa miguu, aliyeuawa vitani milimani mwezi uliopita. Miaka thelathini na minne. Medali mbili za ushujaa. Na, kwa heshima zote za kijeshi, mwoga mkubwa wa bata mzinga.

Msicheke. Aliyetuambia ni Rahmah, dada yake, aliyemlea kule Namatala, Mbale, mama yao alipofariki. Bata mzinga wa jirani akitokea, Bakhit yuko juu ya paa.

"Alipopata medali ya kwanza nilimpigia simu," anasema Rahmah. "Nikamuuliza, huko mlimani hakuna bata? Akanijibu, 'Dada, nyamaza, askari wangu wanasikia!'"

Simu ya mwezi uliopita ilitoka jeshini: Bakhit ameuawa.

Rahmah alifunga duka lake la Nalufenya, hapa Jinja, akasafiri hadi Mbale, amepakata sanda aliyoikata mwenyewe kwa urefu wa mdogo wake. Alitaka jambo moja tu: auone uso wake kabla hajazikwa. Jambo moja, wasikilizaji. Uso.

Jeshi lilileta sanduku lililopigiliwa misumari, bendera juu yake. Luteni Wanyera, aliyelisindikiza, akasema, "Amri ni amri, dada. Hapana fungua."

"Afande, huyo nimemfuta kamasi mimi. Unanificha nini?"

Luteni akatazama buti zake.

Sasa, kaburi letu Waislamu huchimbwa kwa mtu aliyevikwa sanda, si kwa sanduku. Wachimbaji waliacha mwanandani, ile nafasi ya chini anamolazwa maiti, nyembamba kama kawaida. Sanduku likagoma kuingia. Wakaligeuza. Likagoma tena.

Rahmah, aliyekataa kubaki nyumbani na wanawake wenzake, moyo ukamruka. Sasa watafungua. Hawana njia nyingine. Akaanza kuikunjua sanda.

"Haya, leteni nyundo! Mnangoja nini?"

Luteni Wanyera akavua kofia. Akamsogelea.

"Dada Rahmah, bomu lilianguka ndani ya handaki lao. Tuliokota tulichoweza. Uso hakuna."

Sanda ilikuwa imeshagusa udongo.

Sheikh aliyeongoza mazishi alimwita Rahmah mara mbili kabla hajasikia. Kisha akawaambia wachimbaji neno moja: "Panueni." Wakapanua. Ilichukua karibu saa nzima.

Kwa Rahmah na ukoo wote wa mzee Ramathan, poleni. Tumetafuta neno kubwa kuliko hilo, hatukulipata. Mungu amrehemu Kapteni Bakhit.

Nasi tuliozoea kusikia "amekufa kishujaa" huku tukiendelea kupakua chakula, leo tuuweke mwiko chini kidogo. Tumfikirie dada huyu. Amezika, lakini hajaamini. Mwanamume mrefu kama Bakhit akiingia dukani kwake, humtazama uso kwanza, ndipo amuulize anataka nini.