Sahihi Kwenye Daftari la Yunshu

Pang: Haloo? Nani mwenzangu?

Mwalimu Tao: Habari za mchana. Ndiye Baba Yunshu? Ni Mwalimu Tao, niliyepokea darasa la tatu muhula huu.

Pang: Salama, mwalimu. Ongeza sauti, huku tunashusha kabichi —

Mwalimu Tao: Kwenye kundi la wazazi nakuita, hujibu.

Pang: Nina gunia mgongoni, simu niishike kwa meno?

Mwalimu Tao: Wenzako wanapata nafasi. Kila jioni mzazi anasahihisha kazi ya mtoto, anatia sahihi. Daftari la Yunshu lina alama za vema tupu, na nusu ya hesabu ni makosa.

Pang: Mshahara wa kusahihisha anakula nani?

Mwalimu Tao: Ni agizo la mkuu —

Pang: Na mkuu kaagizwa na wa wilaya, na wa wilaya kaagizwa huko juu. Wote wanashusha tu, mzigo unamwangukia Pang. Mie shule ilinitema darasa la pili, mwalimu.

(Laini inakwaruza.)

Mwalimu Tao: ...unanipata? Sahihi yenyewe si yako. Ni ya mama. Nimemwomba Yunshu namba yake, hakunipa.

Pang: Ya mama?

Mwalimu Tao: He Suqin. Mwandiko wa mtu mzima, umenyooka. Kila siku tangu shule ifunguliwe.

(Gunia linatua chini.)

Mwalimu Tao: Baba Yunshu?

Pang: Tulimzika mwezi wa sita.

Mwalimu Tao: Pole sana. Sikuambiwa. Fomu zinasema —

Pang: Fomu. Mama yake ndiye aliyekuwa akikaa naye mezani.

Mwalimu Tao: Naelewa. Lakini mkuu ameliona daftari, na anasema mtoto ameghushi. Anataka barua ya mzazi ya kuomba radhi, kwa mkono wake mwenyewe, isomwe kesho kwenye kikao cha wazazi. Bila hiyo Yunshu haingii darasani.

Pang: Kwa mkono wangu.

Mwalimu Tao: Ukurasa mmoja tu. Ningekuandikia, ila mwandiko wangu wanaujua.

Pang: Nakuja, bosi, nakuja — Mwalimu, anataka mwandiko wa mzazi?

Mwalimu Tao: Ndiyo.

Pang: Basi Yunshu ataandika.

Mwalimu Tao: Baba Yunshu, hiyo haiwe—

Pang: Aandike vilevile anavyoandika. Chini atie jina lilelile la mama yake. Nitaileta mwenyewe, nisimame mbele yao mpaka mkuu aisome yote, na jina alitaje.

Mwalimu Tao: Atamfukuza.

Pang: Amfukuze akishalitaja. Mzazi aliyejua kuandika nyumbani kwangu ni huyo, hakuna mwingine. Lori linanisubiri, mwalimu. Haya, kwaheri.

Mwalimu Tao: Haloo? Baba Yunshu — haloo?