Wigi la Kwendea Ofisini

Bibi alikuwa amekaa nyuma ya wanawake wawili basini, akijifanya anapanga vidonge vyake vya presha.

“Wamenikatalia mafao ya ugonjwa, dada,” alisema mmoja wao, mshonaji, gauni lake limenyooshwa pasi hadi kwenye pindo. “Saratani ya titi, na vyeti vyote ninavyo! Karani kaandika: anaonekana mzima, amejipamba.”

“Mungu wangu! Kaandika hivyo?” alishtuka jirani yake, mama aliyejuana naye kituoni tu.

“Kwa wino! Nywele zimeisha kwa dawa, nikavaa wigi, nikapaka wanja. Ningeingiaje ofisi ya watu kama niliyetoka kufagia? Leo nakwenda kukata rufaa.”

“Basi ingia bila wigi, wakione hicho kichwa.”

“Weee! Mume wangu mwenyewe hajakiona.”

Kidonge kilimponyoka Bibi. Ina maana huyu analala na wigi?

“Sasa watakulipaje, mwenzangu, kama hutaki wajue unaumwa?”

“Cherehani nimeiacha, mkono hauinuki. Nikikosa na hii rufaa, sina pa kushika.”

Basi lilisimama mbele ya ofisi. Mshonaji aliinuka, akapeleka mkono kwenye wigi, na Bibi hakujua kama analivua au analiweka sawa.