Muhuri wa Tarehe Ishirini na Nane

Baba Paroko, viongozi wetu, wazee, ndugu na wafiwa wenzangu, kwa niaba ya ukoo wa Mdoe naomba mnisikilize nikisoma maisha ya baba yetu mdogo, Ponsiano Mdoe, kama nilivyoyaandika mimi Filomena, binti wa kaka yake na mkutubi wa Korogwe, baada ya kulinganisha maneno ya shangazi na cheti cha ubatizo na jalada lake la kazi, na pale ambapo sikupata uhakika nitasema.

Marehemu alizaliwa Vugiri, milimani Korogwe, Alhamisi tarehe 19 Novemba 1925, akapewa jina la mtakatifu wa siku hiyo. Shangazi anasimulia kwamba asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito hata mkunga akaingia nyumba ya jirani, akakaa kitako akimsubiri mzazi ambaye hakuwemo, na alipoelekezwa kwetu alimkuta mtoto amekwisha zaliwa, macho wazi, hakulia, kana kwamba alikuwa akimsubiri yeye. Hilo la kutolia sikuweza kulihakikisha.

Alianza shule ya misheni Vugiri Januari 1934, akaendelea Korogwe mjini na kumaliza darasa la nane Desemba 1942, na tarehe 3 Aprili 1944 aliajiriwa ukarani katika shamba la mkonge karibu na Korogwe, ambako kwa miaka kumi na minane alitunza majalada, pamoja na kabati moja la vitabu ambavyo hakuna aliyemwagiza avitunze. Uhuru ulipopatikana yeye alikuwa na vitabu mia mbili na kumi na moja, vyote vikiwa na kadi.

Tarehe 24 Aprili 1954 alifunga ndoa na mama yetu mdogo Josefina, na Mungu akawajalia watoto watatu, Ernesti, Mhina na Chausiku, ambao wote wako hapa mbele yenu.

Mwaka 1963 alipelekwa Dar es Salaam kusomea kazi ya maktaba, mwaka uliofuata akaanza kazi Korogwe, na tarehe 1 Julai 1969 akahamishiwa hapa Handeni, wakati vijiji vya ujamaa vinaanzishwa na madarasa ya kisomo cha watu wazima yanafunguliwa. Yeye ndiye aliyepeleka masanduku ya vitabu Kabuku, Mkata na Sindeni, mara kwa gari, mara kwa baiskeli, na penye matope kwa kichwa.

Lakini wakutubi vijana mliokuja leo mnamkumbuka zaidi kwa jambo lingine. Mwaka 1965 alihudhuria kwa mara ya kwanza mkutano wa mwaka wa wakutubi, akakaa safu ya nyuma siku tatu bila kufungua kinywa, akarudi, na hakuna aliyemuuliza lolote. Alisema aliona haya kuliko mtu aliyeiba. Tangu hapo alijiwekea kazi ya kuhakikisha kila mkutubi kijana wa Korogwe na Handeni anakwenda mkutanoni, anasema kitu huko, na anaporudi anasoma taarifa yake akiwa amesimama mbele ya watu. Kwake mkutano ulikuwa kama kitabu, umeazimwa, na usipourudisha mwenzako ataukosa, kwa hiyo kila aliyekwenda alipewa daftari lile lile moja lenye jalada jeusi, likagongwa muhuri wa tarehe ya kurudisha, kisha likapita kwa mwingine. Ulipokuwa ukisoma naye amekaa nyuma, sauti yako ikishuka tu, aligonga kiti kwa penseli mara tatu.

Mimi nilimkwepa. Mwaka 1974, nilipotoka Chuo Kikuu na kuanza kazi, nilimwambia naumwa, na mwaka 1975 nikamwambia nina likizo, na mara zote mbili alinitazama tu, akasema, "Haya, mgonjwa wangu." Ukweli ni kwamba naogopa kusimama mbele za watu.

Sasa nafika mwezi huu. Miguu ya marehemu ilianza kuvimba mwezi Machi, madaktari wakasema ni figo, naye akaendelea na kazi. Kuanzia Jumatatu tarehe 2 Agosti, kila kitabu alichoazimisha alikigonga tarehe 28 Agosti 1976. Mnajua kitabu huazimwa siku kumi na nne. Aliyeazima tarehe 2 na aliyeazima tarehe 10, wote walipewa tarehe hiyo moja. Alhamisi tarehe 5 nilikuja kumjulia hali nikaliona kosa hilo, na kwa kuwa baadaye niliyaandika maneno yetu, nayasoma yalivyo.

Nilimwambia, "Shikamoo, baba mdogo. Tarehe umekosea."

"Marahaba. Sijakosea."

"Siku kumi na nne haziishii tarehe 28."

"Chuo kikuu kimekufundisha kuhesabu siku, mwanangu, hakikukufundisha kuuliza. Ile ni Jumamosi, watu wote watakuwepo."

"Watakuwepo wapi?"

Alitoa lile daftari jeusi mezani, akaligonga tarehe hiyo hiyo, akanipa barua ya mwaliko ya mkutano wa Morogoro ambayo jina langu lilikuwa limekwisha andikwa, akasema, "Mwaka huu huumwi wewe, naumwa mimi. Nenda, na hili ulirudishe kwa wakati."

Jumatano tarehe 11 alipelekwa hospitali ya Korogwe. Tatu, msaidizi wake katika maktaba, alipotaka kubadili tarehe ya muhuri, mikanda ya namba ya muhuri huo haikuzunguka. Aliusafisha kwa mafuta ya taa, akampelekea fundi wa saa, na mimi mwenyewe nimejaribu kwa mikono yangu, unabaki 28 AGO 1976, ingawa hauna kutu wala hakuna kilichovunjika.

Morogoro nilikwenda. Zamu yangu ilikuwa Alhamisi tarehe 19, saa nne asubuhi, nizungumzie masanduku ya vitabu, na katika ukurasa wa pili sauti yangu ilishuka, nikataka kukaa chini. Ndipo nikasikia nyuma ya ukumbi kiti kikigongwa mara tatu. Nikapandisha sauti, nikamaliza, wakapiga makofi. Nilikwenda nyuma kutazama. Safu mbili za mwisho zilikuwa tupu, na aliyekuwa mlangoni aliniambia hazikukaliwa tangu asubuhi.

Jioni ya tarehe 21 nilifika hospitali, na kabla sijasema neno mama mdogo Josefina aliniambia kwamba Alhamisi, saa nne na robo, marehemu ambaye hakuwa ameinua mkono siku mbili alichukua kijiko, akagonga chuma cha kitanda mara tatu, akasema, "Sauti, mwanangu," akalala. Muuguzi alikuwepo, na nimemuuliza peke yake, akanieleza hivyo hivyo.

Marehemu alifariki Alhamisi tarehe 26 Agosti 1976, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini, miezi tisa na siku saba. Tulipanga kumzika jana Ijumaa, lakini basi lililomleta Ernesti kutoka Singida liliharibika njiani, ikabidi tungoje. Nawaomba mnielewe, hakuna mtu wa familia aliyeichagua tarehe ya leo.

Tangu alfajiri mmekuwa mkifika na vitabu. Wengine hamkuwa na habari ya msiba, mlipita maktaba mkakuta imefungwa, mkafuata watu. Mzee Lemayian ametembea tangu jana kutoka malishoni, kitabu chake cha kusoma na kuandika amekifunga ndani ya shuka, na alipoambiwa kilichotokea alisema, "Mimi niliambiwa leo, nimekuja leo. Yeye yuko wapi anipokelee?" Kisha akakiweka juu ya meza iliyo karibu na jeneza, na wengine mkamfuata.

Tatu amehesabu mara tatu. Kadi zenye tarehe ya leo ni sitini na tatu, vitabu vilivyoko mezani ni sitini na viwili. Kadi iliyobaki imeandikwa kwa mkono wa marehemu, Filomena Mdoe, Taarifa ya Morogoro.

Kwa hiyo narudisha. Wajumbe walikuwa themanini na wanne, waliokuwa chini ya miaka thelathini walikuwa kumi na mmoja, na aliyetoka katika wilaya zenye masanduku ya vijijini nilikuwa peke yangu. Niliulizwa mvua ikinyesha vitabu tunavifunika kwa kitu gani, nikaeleza ngozi za ng'ombe tunazopewa na wafugaji, na watu wa mikoa mitatu wakaandika. Tuliazimia kwamba mwakani kila wilaya ipeleke kijana mmoja. Mwisho wa taarifa.

Tatu, dada yangu, jana uliniambia, "Mimi? Mbele ya wale mabwana wenye miwani?" Daftari hili sasa ni lako, na muhuri uko juu yake. Mimi sijaujaribu tena tangu asubuhi. Ujaribu wewe, baada ya mazishi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Korogwe, majirani mliokesha nasi na kutupikia, Wakristo na Waislamu, wafugaji mliotoa ng'ombe, na wakutubi wote mliosafiri. Kwa wale tusioweza kuwataja, pokeeni shukrani zetu.

Baba mdogo, tarehe ni ileile na watu wote wapo kama ulivyosema. Kitabu cha sitini na tatu kimerudi, na sauti yangu, nadhani, imefika hadi nyuma. Kama haikufika, usigonge tena. Pumzika, baba, kwa amani.